Siku Mia Tano Bila Kuzimika

Jamhuri ya Sitiri ni nchi yenye bahati kuliko nchi zote, maana kila jambo baya likitokea huko, Serikali hutoa tangazo kwamba halikutokea, na wananchi wakapumzika. Huko ndiko alikozaliwa mhandisi mmoja aitwaye Sikudhani Lubango, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na minane, mwenye tabia moja iliyomponza tangu shule ya msingi: akiulizwa swali, alilijibu.

Sikudhani alifanya kazi Idara ya Mito. Mto Lubwe, mkubwa kuliko yote nchini, hushuka kutoka milimani na kupita kwenye vijiji na miji kumi na miwili kabla ya kumwaga maji yake ziwani. Kila baada ya miaka kadhaa hufurika ghafla, mara nyingi jua likiwaka, kwa sababu mvua hunyesha huko juu na watu wa bondeni hawaioni. Baba yake Sikudhani alichukuliwa na mafuriko ya namna hiyo. Jeneza walilozika lilikuwa na shati lake tu. Basi alipoambiwa atengeneze kitu cha kuwaonya watu, hakuna aliyehitaji kumhimiza.

Alitengeneza visanduku kumi na viwili, kimoja kwa kila mji na kila kijiji, namba zikianzia mlimani. Ndani ya kila kisanduku mlikuwa na kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, kipima-maji, betri ya sola, na king'ora cha kuamsha waliokufa. Kompyuta hizo aliziendesha kwa Linux, programu kuu inayoongoza kompyuta nzima. Aliichagua kwa sababu haina bwana: imeandikwa na maelfu ya watu duniani, wengi wao hawajapata kuonana, na imeachwa wazi. Yeyote anaweza kuisoma, kuipunguza mpaka ienee mahali padogo, na kuirekebisha inapokosea. Juu yake Sikudhani aliandika programu yake fupi ya kusoma kina cha maji, nayo akaiweka wazi mtandaoni, kama ilivyo desturi ya watu wa kazi hiyo.

Siku ya uzinduzi alikuja Waziri wa Mawasiliano na Siri, Mheshimiwa Mwinyimvua Togwa. Alibonyeza kitufe kimoja, na visanduku vyote kumi na viwili vikawaka kwa pamoja.

"Kuanzia leo," alinguruma, "maji ya Sitiri hayatapanda bila kuomba ruhusa!"

Makofi yalipokwisha, aliinama akakitazama kisanduku kilichokuwa mezani. "Ndege gani huyu amebandikwa hapa?"

"Pengwini, Mheshimiwa," Sikudhani alijibu. "Ni alama ya Linux."

"Anaruka?"

"Haruki, Mheshimiwa."

Waziri aliwageukia wasaidizi wake kwa uchungu. "Nchi inayopaa! Tunaibandikia ndege wa kutembea kwa miguu!"

Ikaletwa picha ya tai, na papo hapo mfumo ukapewa jina la Ngome ya Taifa. Kesho yake magazeti yaliandika kwamba Ngome ilibuniwa na Waziri mwenyewe, alipokuwa akioga.

Tangu hapo, kila Jumatatu baada ya taarifa ya habari, mtangazaji alisoma idadi ya siku ambazo Ngome ilikuwa imekaa bila kuzimika. Siku saba. Siku kumi na nne. Siku mia moja na tano. Hakuna aliyeeleza kwa nini ni jambo la kujivunia, lakini katika nchi ambayo umeme hukatika mara nne kwa siku, kitu kisichozimika kilionekana muujiza. Wanafunzi wakatungiwa wimbo. Wahubiri wakakitolea mfano.

*

Siku ya mia tatu na kumi, Sikudhani alipokea barua pepe kutoka kwa mwalimu mstaafu wa nchi ya mbali, mtu asiyemjua kabisa. Mzee huyo alikuwa na starehe ya kusoma programu za watu, kama wazee wengine wanavyocheza bao.

"Dada Sikudhani," aliandika, "nimeisoma programu yako. Ni kazi nzuri na itaokoa watu. Ila mstari wa mia mbili na kumi na nne una kosa."

Sikudhani aliufungua mstari huo, na masikio yake yakapata moto. Ilikuwa kweli. Kompyuta ile huhesabu mapigo mia moja kila sekunde tangu inapowashwa. Hesabu hiyo ina kikomo, kama debe: ikifika siku mia nne tisini na saba inajaa, na kuanza upya kwenye sifuri. Linux yenyewe iliandikwa ikijua hivyo. Programu ya Sikudhani haikujua. Siku hiyo ikifika, kipima-maji kingesubiri saa ambayo imekwisha kupita, na kingeendelea kuisubiri milele. Kisanduku kingeonekana kizima. Taa ya kijani ingewaka. Ila maji yangeweza kupanda mpaka kwenye mapaa ya nyumba, na king'ora kisilie.

Kosa lilikuwa lake, la mkono wake mwenyewe. Yule mzee alikuwa ameambatisha mistari mitatu ya kulisahihisha, na neno moja la ziada: "Ukikosa nafasi ya kurekebisha, zima kisanduku na kukiwasha tena. Hesabu itaanza upya, nawe utapata siku nyingine mia nne tisini na saba."

Mtu mwenye busara ya Sitiri angenyamaza na kuirekebisha kimyakimya. Sikudhani aliandika ripoti. Akaipeleka kwa mkuu wake, Mkurugenzi Ngusa, mtu mpole aliyepandishwa cheo mara sita kwa kutosema kitu.

Mkurugenzi aliisoma ripoti yote, kisha akaweka kidole kwenye neno moja. "Mtu wa nje ameisoma programu yetu?"

"Ndiyo, mzee. Iko wazi. Ndiyo maana ameliona kosa. Mimi nimepita hapo mara mia sijaliona."

"Wazi," Mkurugenzi alirudia taratibu, kama mtu aliyeambiwa kwamba binti yake ameonekana sokoni bila nguo. "Mama, umeniua."

Baada ya wiki moja Waziri alikuwa Bungeni. "Waheshimiwa! Chungu kilicho wazi huingia nzi. Zizi lililo wazi hutoka ng'ombe. Na mtu aliye wazi, tumwiteje? Uchi! Ngome ya Taifa imekaa uchi siku mia tatu, na wageni wanaichungulia!"

Wabunge walilia. Ikapitishwa Sheria ya Kufunga Vilivyo Wazi. Programu ikaondolewa mtandaoni, ikachapwa kwenye karatasi, ikatiwa katika kasha la chuma lenye funguo tatu, na funguo zikakabidhiwa maofisa watatu wasiosemezana, kwa usalama zaidi. Matundu yote ya visanduku, yale ya kuchomekea waya za kurekebisha, yakajazwa gundi. Juu ya kila kifuniko ikapigwa lakiri yenye tai. Mtu yeyote akiisoma programu bila kibali, kifungo. Na Sikudhani, aliyeiandika, aliletewa fomu ya kukiri kwamba ameisahau.

Akasaini.

Baadaye alijilaumu sana kwa saini ile. Lakini maofisa wanne walikuwa wamesimama nyuma ya kiti chake, na kalamu ilikuwa ya kwao.

*

Hata hivyo hakukaa kimya. Aliomba kwa Kamati ya Ngome aruhusiwe kuweka ile mistari mitatu. Kamati ilijibu kwamba ombi la kurekebisha mfumo lazima liletwe na mwenye mfumo.

"Linux haina mwenyewe," Sikudhani aliwaeleza. "Ni ya watu wote."

"Watu wote ni nani?" katibu wa Kamati aliuliza, kalamu mkononi.

"Ni maelfu, ndugu. Wako dunia nzima."

Katibu aliandika: maelfu. "Hatutaki ugomvi. Aje mmoja kwa niaba ya wenzake, awe na picha nne za pasipoti."

Zilipobaki siku nane kabla ya kosa kutimia, alimfuata Waziri mwenyewe ofisini. Hakuomba tena kurekebisha. Aliomba kuzima na kuwasha.

"Sekunde kumi tu, Mheshimiwa. Ninang'oa waya mwekundu, ninahesabu mpaka kumi, ninaurudisha. Hakuna anayesoma kitu, hakuna anayegusa programu."

"Na hesabu ya siku?"

"Itaanza upya."

Waziri alivua miwani. Sauti yake ikawa ya upole, kama ya baba. "Binti yangu. Zimebaki siku kumi na moja tutimize mia tano. Rais anakuja mjini Mtonga. Kwaya zimefundishwa. Kanga zimekwisha chapwa." Akafungua droo, akatoa kanga, akaitandaza mezani. Katikati alikuwamo tai, na chini yake maneno: NGOME HAISINZII, MWENYE WIVU AJINYONGE. "Sasa unataka nimwambie Rais kwamba tumelala sekunde kumi?"

"Mheshimiwa, baada ya siku nane visanduku vitakuwa vipofu. Mto ukija, watu watakufa."

"Taa zitakuwa za rangi gani?"

"Za kijani."

"Basi," alisema Waziri, akikunja kanga.

*

Siku ya mia nne tisini na saba, Sikudhani aliingia chumba cha uangalizi asubuhi na mapema. Ukutani taa kumi na mbili zilikuwa kijani. Chini ya kila taa palikuwa na namba ya kina cha maji. Alizitazama kwa dakika kumi. Hakuna iliyobadilika hata kwa nukta.

"Mto umetulia leo," mwangalizi alisema kwa furaha, akikoroga chai.

Sikudhani aliziacha taa. Alishuka chini, akachukua pikipiki ya Idara, akaondoka bila kuaga.

Njia panda ya kwanza alisimama. Kushoto ni barabara ya Mtonga, kwenye kisanduku namba tisa. Huko aliishi Havijawa, mdogo wake wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi. Kulia ni barabara ya milimani. Moyo ulimvuta kushoto. Lakini maji huanza juu, na watu wa juu hupata dakika chache tu. Wa Mtonga wangekuwa na saa tatu. Mtu angeweza kuwapigia simu. Ndivyo alivyojiambia. Akakata kulia.

Kwa siku mbili alipanda na kushuka njia za mawe. Namba moja alivunja lakiri kwa bisibisi, akang'oa waya mwekundu, akahesabu mpaka kumi, akaurudisha. Kipima-maji kikapiga mlio mdogo kama wa kifaranga. Kilikuwa kimeamka. Namba mbili, tatu na nne zikafuata. Namba tano, katika kijiji cha Nyakasu, alikuwa ndiyo kwanza amerudisha waya alipoguswa bega.

"Mama, uko chini ya ulinzi," alisema koplo mmoja wa makamo, jina lake Bazili. Alionekana mwenye haya kidogo. "Tumepigiwa simu kutoka makao makuu. Wanasema unaua Ngome."

"Naiamsha, afande."

"Hayo utayaeleza huko mbele."

"Bado saba. Nipe siku mbili, kisha unifunge hata milele."

Koplo Bazili alikuwa na watoto watano na kazi moja. Akamfunga pingu.

*

Siku ya mia tano iliamka nyeupe, bila wingu. Huko milimani mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, lakini Nyakasu jua lilikuwa linawaka, na Sikudhani alikuwa amekaa sakafuni mwa mahabusu ya polisi, juu ya kilima, akisikiliza redio ya kituo. Mtangazaji alikuwa Mtonga, kwenye uwanja wa kando ya mto. Alisema uwanja umefurika watu.

Saa nne asubuhi king'ora cha namba tano kililia.

Kililia kama kilivyoundwa kulia. Kijiji kizima kilikurupuka. Akina mama walibeba watoto, vijana walibeba wazee, wakakimbilia mlimani. Koplo Bazili alitoka nje, akarudi akiwa amepauka. "Mto umegeuka rangi," alisema.

"Piga simu makao makuu! Una saa tatu!"

Alipiga. Sikudhani aliisikia sauti ya mwangalizi kupitia simu, ileile ya furaha: "Hapa kwetu kuanzia namba sita zote kijani, Koplo. Namba moja hadi tano zinapiga kelele, lakini zimechezewa na yule mwanamke. Kamata redio, msikilize hotuba."

Koplo alikata simu. Kisha akaipenyeza katikati ya nondo, akampa Sikudhani, naye akampigia mdogo wake.

Havijawa alipokea katikati ya kelele za ngoma. "Dada! Uko wapi? Watu wanasema umekamatwa!"

"Nisikilize. Maji yanakuja. Saa saba yatakuwa hapo. Ondoka uwanjani sasa hivi."

"Nina watoto mia na arobaini, dada. Wa kwaya. Wamepangwa mbele ya jukwaa na geti limefungwa. Hakuna kutoka mpaka hotuba ziishe."

"Waambie askari!"

"Nawaambiaje? Taa ya kisanduku naiona hapa, ni ya kijani." Ngoma zikaendelea. "Dada, una hakika?"

"Mto umekwisha geuka rangi hapa, Havijawa."

"Haya," alisema mdogo wake. Akakata simu.

Aliyoyafanya Havijawa yalijulikana baadaye, kutoka kwa watoto. Alikwenda getini akamwambia askari kwamba watoto wanataka kujisaidia. Askari alikubali, ila kumi kumi, kwa utaratibu. Havijawa akawatoa kumi wa kwanza, akawanong'oneza: "Msirudi. Pandeni kilimani, kwenye misheni, na msigeuke nyuma." Akarudi, akahesabu kumi wengine. Askari alishangaa kidogo kwamba hakuna wanaorudi, lakini alikuwa ameagizwa kuwazuia wanaotoka, si kuwatafuta wasiorudi. Waziri alikuwa amefika ukurasa wa ishirini na mbili wa hotuba. Kundi la tisa lilitoka saa saba kasoro dakika chache.

Kundi la kumi lilikuwa limepangwa mstari, na Havijawa amemshika mkono mtoto wa mbele, maji yalipofika.

Rais hakudhurika, wala Waziri. Helikopta yao ilikuwa imewashwa tangu saa sita, kwa sababu ya joto.

*

Tume iliundwa. Ilikaa wiki sita katika hoteli ya mlimani na kutoa taarifa fupi iliyo wazi, japo neno hilo halikutumika. Ilisema kwamba siku hiyo visanduku vitano vilidai kuna mafuriko, na visanduku saba, ambavyo lakiri zake zilikuwa salama, vilisema hakuna. Sitiri ni nchi ya kidemokrasia. Kwa hiyo, kwa kura saba dhidi ya tano, mafuriko hayakutokea.

Kwa kuwa hayakutokea, waliopotea Mtonga na vijiji vya chini waliandikwa kuwa wamehama. Bendera ilibaki juu, kwani nani hushusha bendera kwa ajili ya watu waliohama? Watoto tisini waliokutwa misheni waliandikwa watoro, kwa kuondoka uwanjani kabla ya hotuba kwisha, na wakachapwa viboko viwiliviwili.

Sikudhani alishtakiwa kwa kuvizima visanduku vitano na kuwaamsha wananchi wa vijiji vitano bila kibali.

"Una la kusema?" hakimu aliuliza.

"Kosa la programu lilikuwa langu," Sikudhani alijibu. "Niliambiwa nikiwa bado na siku mia moja themanini na saba za kulirekebisha. Yaandikwe hayo."

Karani alitazama huku na huku. Hayakuandikwa. Alihukumiwa miaka mitano, mwaka mmoja kwa kila kisanduku kilicholia.

Gerezani hakulia kwa miezi mingi. Alikuwa akijiona tena kwenye ile njia panda, injini ikinguruma, na kila mara alikata kulia, na kila mara alijua kwamba angekata kulia tena. Hilo halikumpa nafuu yoyote. Siku moja alipewa bakuli la uji, akajikuta anaupuliza kama Havijawa alivyokuwa akipuliza utotoni, kwa mashavu yaliyovimba, na hapo machozi yakamtoka mpaka uji ukapoa.

Visanduku vipya viliwekwa pale ambapo vya zamani vilisombwa. Vilikuwa na programu ileile iliyotolewa kwenye kasha, kosa lake likiwamo, kwa kuwa sheria ilikataza kuibadilisha. Hesabu nayo haikuanza upya. Jumatatu ya kwanza baada ya mafuriko, mtangazaji alikuwa amesoma: siku mia tano na nne.

*

Mwaka uliofuata, siku ya wageni, alikuja mtu aliyevaa shati la kitenge. Sikudhani alichelewa kumtambua bila sare. Alikuwa Koplo Bazili.

"Shikamoo, Mhandisi," alisema, ingawa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri.

Sikudhani hakujua aitikie vipi. "Karibu, Koplo."

"Nyumbani kwetu ni kijiji cha namba kumi na moja. Mama yangu alihama." Alilitamka neno hilo kama mtu anayetema mfupa. "Dada zangu wamebaki, na wajomba. Wametuwekea kisanduku kipya. Nimekuwa nikihesabu siku." Akasogea karibu na wavu. "Waya ni upi?"

Sikudhani alimtazama mlinzi wa mlangoni. Alikuwa anasinzia.

"Mwekundu. Ulio chini ya betri."

"Ninahesabu mpaka ngapi?"

"Kumi. Polepole. Kisha usikilize: kikipiga mlio kama kifaranga, kimeamka."

Koplo aliyarudia yote mara tatu, midomo ikicheza bila sauti. Kisha akauliza, kwa woga wa mtu aliyezoea kuomba kibali kwa kila kitu: "Na mwingine naye akitaka kujua, naruhusiwa kumwambia?"

"Si ruhusa, Koplo," alisema Sikudhani. "Ndilo sharti lenyewe. Ukipewa, na wewe mpe mwingine."

Baada ya wiki mbili, kisanduku namba kumi na moja kilizimika kwa sekunde kumi. Siku iliyofuata ikawa namba saba, kisha namba nane na kumi kwa siku moja, na mpaka mwisho wa mwezi hakukuwa na kisanduku mtoni ambacho hakijazimwa na mkono wa mtu asiyejulikana. Waziri Mwinyimvua Togwa alitokea kwenye televisheni amevaa suti nyeusi, akatangaza kwamba Ngome imesinzia na hesabu ya siku imekatika. Serikali ikatangaza maombolezo ya siku tatu, bendera ikapepea nusu mlingoti nchi nzima, na wananchi wakaagizwa kulia.

Watu wa Mto Lubwe walitii agizo hilo. Walikuwa na mengi ya kulilia, na hawakuwa wamepewa nafasi kabla ya hapo.